Kishina cha Tiketi

Watu wa rika langu wakikaa barazani kukumbushana habari za sinema, kila mmoja huanza na steringi wake. Huyu atamtaja Raj Kapoor, yule atataja mateke ya Bruce Lee, na mwingine ataimba wimbo wa Kihindi tangu mwanzo hadi mwisho bila ya kujua maana ya neno hata moja. Mimi nikiulizwa, jambo la kwanza linalonijia ni mlango. Namkumbuka mtu aliyesimama mlangoni akichana tiketi: kipande kimoja akikurudishia, na kishina akikitumbukiza katika kisanduku kilichokuwa pembeni mwake. Utotoni niliona kazi yake ilikuwa kutuzuia sisi tusio na senti. Imenichukua sehemu kubwa ya maisha yangu kutambua kwamba kile kisanduku ndicho kilichokuwa moyo wa biashara nzima ya picha.

Picha si kama gunia la mchele. Mchele ukiliwa umekwisha, na mkulima anaweza kudai malipo ya kilo zilizoondoka ghalani. Picha ikitazamwa na watu elfu inabaki vilevile kama ilivyokuwa, wala hakuna kilichopungua. Kwa hiyo aliyeitengeneza hawezi kulipwa kwa kupima kilichoondoka. Alipwe kwa kuhesabu waliotazama. Mwenye kuishika hesabu hiyo ndiye anayeamua nani ashibe na nani alale njaa. Katika muda wa miaka mia moja vyombo vya kufikisha picha kwa watu vimebadilika mara nyingi, na kila vilipobadilika sisi tulivishangilia au tulivilaani vyombo vyenyewe. Nafikiri tungefanya vyema zaidi kutazama hesabu ilikokwenda.

Unguja ilianza mapema. Sinema ya Royal ilifunguliwa mwaka 1921, katika jengo lililochorwa na J. H. Sinclair, Mwingereza aliyechora majengo mengi ya serikali mjini pale. Jengo hilo liliungua, na mahali pake pakajengwa Majestic, iliyofunguliwa mwaka 1955. Dar es Salaam nayo ilikuwa na Empire, Avalon, Odeon, Empress, Cameo na New Chox, na kuanzia mwaka 1966 ilikuwa na sinema ya magari kule Msasani, ambako familia nzima ilitazama picha ikiwa ndani ya gari huku ikila kashata na bisi. Siku za Jumapili tiketi zilikwisha mapema, na walanguzi waliziuza barabarani kwa bei waliyoitaka.

Siku hizo nakala moja ya picha ilikuwa mali ya thamani. Picha ya Kihindi ya saa tatu ilifika katika mikebe mingi ya bati, kila mmoja ukiwa na utepe wa dakika chache tu. Nakala hiyo moja ilisafiri mji hadi mji kwa meli, gari moshi na basi, na watu wa bara waliweza kungoja miezi kabla ya kuona walichokwisha kukiona watu wa pwani. Pale Unguja, picha iliyopendwa sana iliweza kuonyeshwa katika sinema mbili usiku mmoja kwa nakala ile ile: mkebe ulipomalizika katika sinema ya kwanza, kijana aliupakia katika baiskeli na kuukimbiza kwenye sinema ya pili, ambako watazamaji walikuwa wakimngoja. Tairi likipasuka, mapenzi yote ya kwenye picha yalisimama.

Kwa kawaida mwenye sinema hakuinunua picha; aliikodi. Mara nyingine alilipa ada moja kwa siku kadhaa. Mara nyingine, hasa picha ilipokuwa kubwa, alimpa msambazaji fungu fulani la mapato ya mlangoni. Hapo ndipo kishina kilipopata nguvu. Msambazaji alitaka kuona idadi ya tiketi zilizouzwa ili apate fungu lake, na serikali nayo ilitaka kuiona ili itoze kodi ya burudani. Sisemi kwamba walikuwa malaika. Wapo walioingiza jamaa zao kwa mlango wa nyuma, na wapo waliouza tiketi moja mara mbili. Lakini hata mwizi alijua anaiba kutoka katika hesabu iliyokuwepo. Pesa zilitoka mfukoni mwa mchukuzi wa bandarini, zikapita mlangoni, zikagawanywa, na sehemu yake ikasafiri hadi Bombay au Hollywood kwa watu waliotengeneza picha.

Upungufu wa mpango huo kwetu ulikuwa dhahiri: hatukuwa na picha zetu za kutosha ndani yake. Tulikuwa watazamaji, makarani na wachana tiketi. Mwaka 1968 iliundwa Kampuni ya Filamu Tanzania, na baadaye ikakabidhiwa kazi ya kuagiza picha kutoka nje na kuzisambaza. Mwaka 1971 majengo mengi ya biashara yalitaifishwa, na kumbi za sinema zikawamo. Yapo ya kujadiliwa juu ya hatua hizo, lakini lililoziumiza sinema zaidi lilikuwa ukosefu wa fedha za kigeni mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980. Picha mpya zilipungua, za zamani zikarudiwa hadi tepe zikachakaa, viti vikavunjika na vipuri vya mitambo havikupatikana. Basi sinema ilikuwa imekwisha dhoofika pale mgeni alipobisha hodi.

Mgeni huyo alikuwa deki. Kampuni ya Sony ya Japani iliuza mtambo wake wa Betamax kuanzia mwaka 1975, na mwaka uliofuata JVC ikatoa VHS, ambayo ndiyo iliyoshinda hatimaye. Wakubwa wa Hollywood waliingiwa na hofu. Mwaka 1982 msemaji wao, Jack Valenti, alikwenda mbele ya wabunge wa Marekani akakifananisha chombo hicho na muuaji aliyewatisha wanawake wa mji wa Boston. Kampuni za picha zilikuwa zimekwisha kuishtaki Sony, na kesi ikafika Mahakama Kuu ya nchi hiyo. Mwezi Januari 1984 majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba mtu kunakili kipindi cha televisheni ili akitazame baadaye nyumbani kwake si kosa.

Kilichofuata ni kichekesho cha historia. Chombo kilichodhaniwa kuwa kitawaua ndicho kilichowatajirisha. Kabla ya miaka ya 1980 kwisha, kaseti ziliwapatia wenye picha wa Marekani mapato makubwa kuliko tiketi za sinema. Iliwezekana kwa sababu walipata njia ya kuhesabu upya. Kwanza walihesabu kaseti zilizouzwa kwa maduka ya kukodisha. Baadaye, kompyuta za madukani zilipoweza kuandika kila kaseti inapotoka na inaporudi, walikubaliana kugawana mapato ya kila ukodishaji. Kampuni ya Blockbuster iliingia katika mapatano ya namna hiyo mwaka 1998. Kishina cha tiketi kilikuwa kimerudi, kikiwa ndani ya kompyuta.

Huku kwetu deki lilikuja bila ya kishina. Lilikuja na ndugu aliyetoka Uarabuni, au na baharia, au na mfanyabiashara baada ya milango ya biashara kulegezwa katikati ya miaka ya 1980. Kikaota kibanda cha mabati, au cha makuti, au kilichozungushiwa magunia. Ndani mna mabenchi, televisheni moja imepandishwa juu ya kabati, na jenereta inanguruma uani. Nje pana ubao ulioandikwa kwa chaki majina ya picha za siku hiyo, yamekosewa herufi lakini kila mtu anayafahamu. Unampa mtoto wa mwenye kibanda sarafu yako, unainama, unaingia. Hakuna kinachochanwa. Waliotengeneza picha ile hawakupata habari kwamba mtaa fulani wa Tandale, au kijiji fulani nje ya Morogoro, umeitazama mara saba.

Sitaki kukidharau kibanda. Kiliwafikia watu ambao Majestic na Avalon hazikuwafikia, na kikazaa ufundi wake. Humo ndimo walimopata umaarufu watafsiri wa picha, na mashuhuri miongoni mwao alikuwa Lufufu, aliyewasemea Wachina na Wamarekani kwa Kiswahili cha mitaani, akaongeza chumvi, hata ukadhani wahusika wote wamezaliwa Buguruni. Wengi wetu tulipenda sauti yake kuliko picha yenyewe. Lakini wakati huohuo sinema zikawa zinafungwa moja baada ya moja, na miaka ya 1990 ilipomalizika majengo mengi yalikuwa maghala, maduka au kumbi za ibada. Uwanja wa ile sinema ya magari leo una ubalozi wa Marekani. Mlango ulipofungwa, kisanduku cha vishina kilitupwa pamoja na viti vibovu, wala sikumbuki mtu yeyote aliyekililia.

Hasara yake ilionekana pale tulipoanza kutengeneza picha zetu wenyewe. Wanigeria walikuwa wameonyesha njia mwaka 1992 kwa Living in Bondage, picha iliyotengenezwa kwa kamera ya video na kuuzwa katika kaseti bila ya kungoja ukumbi wowote. Kwetu, Girlfriend ya mwaka 2003 hutajwa mara nyingi miongoni mwa picha zilizoufungua mlango wa zile tulizokuja kuziita Bongo Movie. Ghafla tuliwasikia waigizaji wakisema kama sisi, wakigombana juu ya mirathi na mashoga wabaya kama sisi. Kaseti, na baadaye diski, zilitoka Kariakoo zikavuka mipaka hadi Burundi, Rwanda na Kongo.

Mpango wa malipo ulikuwa mmoja tu: mtengenezaji alimuuzia msambazaji picha yake moja kwa moja, akapokea fedha za jumla, na haki zote zikahama. Watu wengi wamewalaumu wasambazaji kwa hilo, na lawama nyingine ni za haki. Lakini nimejaribu kujiweka mahali pao. Msambazaji naye hakuwa na hesabu. Alijua kwamba diski ikitoka Jumatatu, kabla ya wiki kwisha itakuwa imekwisha kunakiliwa na watu asiowajua, na itauzwa barabarani kwa bei ndogo kuliko yake. Alikuwa na siku chache za kurudisha mtaji wake. Ndiyo maana picha moja iligawanywa sehemu ya kwanza na ya pili, ili mnunuzi alipe mara mbili. Na ndiyo maana hakutaka kuahidi fungu la mauzo ambayo hakuweza kuyaona mwisho wake.

Nina rafiki aliyeuza kiwanja alichorithi ili atengeneze picha. Jina lake silitaji, wala la yule aliyeinunua. Alitia sahihi karatasi ya ukurasa mmoja, akapokea fedha zilizotosha kuwalipa waigizaji na mwenye kamera, na yeye akabakiwa na nauli. Kila alipokwenda kuuliza nakala ngapi zimeuzwa aliambiwa soko ni gumu. Huenda aliambiwa kweli. Ubaya wenyewe ndio huo: hakuwa na njia yoyote ya kujua. Alirudi katika kazi yake ya kushona nguo, na picha ya pili hakuitengeneza.

Tarehe 7 Aprili 2012 alifariki Steven Kanumba, mwigizaji aliyependwa kuliko wote, akiwa na umri wa miaka 28. Siku ya kumuaga pale Leaders, Kinondoni, watu walijaa hata pasiwe na mahali pa kukanyaga. Wengine walizimia kwa msongamano na majonzi. Nilipoziona picha za umati ule katika televisheni nilipatwa na wazo ambalo halijaniacha. Kwa miaka yote watazamaji wa picha zetu walikuwa watu wa kukisiwa. Siku ile walitoka vibandani na majumbani wakasimama mahali pamoja, na kwa mara ya kwanza tuliwaona kwa macho. Ilitubidi kufiwa ndipo tupate hesabu.

Serikali nayo ilijaribu kuitafuta. Kuanzia mwaka 2013 ilitaka kila nakala ya filamu na muziki inayouzwa ibandikwe stempu ya kodi. Kwa nia ilikuwa ni kurudisha kishina: stempu moja, nakala moja, shilingi zinajulikana. Lakini nakala za wizi hazikuja kuomba stempu, na nakala halali iliyobandikwa iliweza kutazamwa na mtaa mzima. Isitoshe, wakati stempu inaanza kubandikwa, diski yenyewe ilikuwa inaelekea kaburini. Vijana walikwisha kuanza kwenda kwa fundi mwenye kompyuta na kumlipa fedha kidogo awajazie picha katika kadi ya simu. Huwezi kubandika stempu juu ya kitu kisichoshikika.

Sasa tumo katika zama za intaneti, na hapa hesabu imerudi kwa namna ambayo mchana tiketi wetu asingeweza kuiota. YouTube ilianzishwa mwaka 2005. Chini ya kila picha pana namba ya waliotazama, na kampuni inajua hata dakika ambayo mtazamaji alichoka akaondoka. Mwenye picha aliyekubaliwa katika mpango wake hupata asilimia 55 ya fedha za matangazo yanayowekwa kwenye video zake za kawaida. Netflix, iliyoanzishwa mwaka 1997 na ambayo hapo mwanzo ilikodisha diski kwa njia ya posta, ilianza kupeleka picha kwa intaneti mwaka 2007, na Januari 2016 ikafungua milango katika nchi nyingine 130 kwa mpigo, ya kwetu ikiwamo.

Kwa hiyo mtu angeweza kudhani kwamba tatizo limekwisha. Halijakwisha, limehamia kwingine. Zamani hesabu haikuwepo. Sasa ipo, lakini imefungiwa katika nyumba ya mtu mwingine. Hata Wamarekani wenyewe waliligundua hilo. Mwezi Mei 2023 waandishi wao wa filamu waligoma kwa siku 148, na moja ya madai yao lilikuwa waonyeshwe idadi ya saa ambazo kazi zao zilitazamwa. Kaseti na marudio ya televisheni yalikuwa yamewapatia malipo ya baadaye kila kazi ilipotumika tena. Kampuni za intaneti zililipa kima kilichopangwa, ipendwe au isipendwe, na hesabu zikazificha. Mapatano yaliyomaliza mgomo yalikipa chama chao haki ya kuziona hesabu hizo kwa siri, na nyongeza kwa kazi inayotazamwa sana. Mwezi Desemba mwaka ule Netflix ikatoa hadharani orodha ndefu ya saa zilizotazamwa. Ikiwa watu wenye chama imara na mawakili hodari walilazimika kugoma miezi mitano ili waone vishina, fundi cherehani aliyetengeneza picha moja atafanya nini?

Kwetu kuna jambo jingine la kuzingatia. Fedha za matangazo hazilingani nchi na nchi. Mtangazaji hulipa zaidi kumfikia mtazamaji wa London kuliko wa Lindi, kwa hiyo watazamaji elfu kumi wa huku hawana uzito wa elfu kumi wa kule. Tena mtazamaji wetu hulipa mara moja kabla hajaona chochote, anaponunua bando la intaneti, na fedha hizo huenda kwa kampuni ya simu. Pale mlangoni mwa Majestic sarafu moja iligawanywa kati ya mwenye ukumbi, msambazaji, serikali na mtengenezaji. Sarafu ya bando haigawanywi hivyo.

Sishauri turudi nyuma. Simu zetu zimebeba fedha tangu mwaka 2008, na mtu anayeweza kulipia umeme na ada ya shule kwa simu anaweza kulipia tiketi ya picha kwa njia hiyo hiyo, na kishina kikabaki. Wapo vijana wanaojaribu. Ninachoomba ni kwamba kijana anayetia sahihi mkataba leo asisome kiasi cha fedha peke yake. Asome pia pale panapoeleza nani atakayehesabu, na kama yeye atakuwa na haki ya kuiona hesabu hiyo. Pasipoeleza, aulize kabla ya kushika kalamu.

Mwaka juzi nilikwenda kwa yule rafiki yangu kupeleka suruali ipunguzwe. Mjukuu wake alikuwa ameikuta picha yake ya zamani katika YouTube, imewekwa na mtu asiyejulikana, tena na matangazo mwanzoni na katikati. Alinipa simu niisome namba iliyo chini, kwa kuwa hakuwa na miwani. Nikamsomea. Ilikuwa ya tarakimu sita. Nilidhani atakasirika, na nilikuwa tayari kukasirika pamoja naye. Alinyamaza kitambo, mguu wake ukiwa bado juu ya cherehani, kisha akasema, "Kumbe walikuwa wengi hivyo."

Akamwambia mjukuu aianze tangu mwanzo. Tuliitazama watatu, tukiwa tumebanana kwenye benchi la wateja, hadi jina lake lilipopita mwishoni kwa herufi nyeupe. Kwa hesabu ya simu ile, sote watatu tulikuwa mtazamaji mmoja.